Mitofajia haina ufagio

Swali: Nimesoma makala ya afya iliyoeleza kuwa "mitofagia" ni "kufagia mitokondria zilizolika kwa uzee ili kuondoa sumu mwilini". Je, neno hili limetokana na kitenzi chetu cha kufagia? Kama sivyo, tuliandikeje?

Jibu: Halikutokana nacho; sauti zimegongana tu. Kufagia ni kitenzi chetu wenyewe, na umbo la fyagia bado lingalipo kuthibitisha hilo. Neno ulilolisoma limeundwa kwa mizizi miwili ya Kigiriki: mitos, yaani uzi, uliomo katika jina la mitokondria (vijisehemu vya seli vinavyoizalishia nishati), na phagein, yaani kula. Ndugu yake mkubwa ni otofajia, jina alilolibuni Christian de Duve mwaka 1963 kutaja jinsi seli inavyomeng'enya sehemu zake yenyewe. Hayo yanatosha kuhusu asili.

Kinachonikera ni ule ufagio wenyewe, ambao siku hizi katika maandishi ya afya hausazi kiungo: ini limekwisha kufagiwa, damu imesafishwa, matumbo yameoshwa, na sasa zamu imezifikia mitokondria, ambazo hazikuomba. Anayefagia husogeza taka hadi nje ya mlango na kuiacha ikiwa taka vilevile. Seli haifanyi hivyo. Mitokondria iliyochaguliwa huzungushiwa utando, kifuko kinachopatikana huungana na lisosomu, kifuko cha umeng'enyaji ndani ya seli, na vimeng'enya vya humo huivunjavunja mpaka zikabaki asidi amino na malighafi nyingine zitakazotumiwa tena na seli ileile. Huko ni kula, na Wagiriki wetu hawakukosea kitenzi. Hiyo "sumu" sijui mwandishi aliiokota wapi.

Anayeshikilia kwamba kinacholiwa lazima kiwe uchafu nampeleka kwenye chembe nyekundu ya damu, nami sitaondoka hapo haraka. Mwili hutengeneza takriban milioni 2 za chembe hizi kila sekunde. Chembe ikiwa changa huwa na mitokondria zake, zikiwemo nzima zisizo na kasoro, na bado kabla ya kukomaa huzila zote. Protini iitwayo NIX, iliyokaa kwenye utando wa nje wa mitokondria, ndiyo inayozitambulisha kwa mlaji. Chembe huingia kazini bila hata mitokondria moja, ikijipatia nishati kwa kuvunja glukosi pasipo oksijeni, hivyo mzigo wa oksijeni ilioubeba huwafikia wenyewe bila kuonjwa njiani. Uchafu uliofagiwa hapo ni upi? Panya wa maabara wasio na NIX hubaki na mitokondria ndani ya chembe hizo, chembe zenyewe hufa mapema, na mnyama hupata upungufu wa damu. Ningependa kumwona mwandishi wetu akieleza maradhi hayo kwa msamiati wa usafi.

Sasa nije kwenye "zilizolika", kosa dogo kwa herufi na kubwa kwa maana. Kulika ni kuisha kidogo kidogo bila mlaji kutajwa. Kuliwa ni kutendwa na mlaji. Mitokondria huharibika, kisha huliwa, na pengo lililo kati ya vitenzi hivyo viwili ndipo ugonjwa unapoingia. Katika mitokondria nzima, protini ya PINK1 huvutwa ndani, hukatwa na kuharibiwa. Chaji ya umeme ya utando wa ndani ikishuka, mvuto huo hukoma, PINK1 hurundikana juu ya utando wa nje na kuiamsha protini nyingine, parkini, ambayo huitia mitokondria hiyo alama za yubikwitini, protini ndogo, ili ijulikane kuwa ni ya kuliwa. Jeni ya parkini ilihusishwa mwaka 1998 na aina inayoanza mapema ya Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta mtetemo na ugumu wa kutembea, ya PINK1 mwaka 2004, na mwaka 2008 ikaonekana kwamba parkini huzikimbilia mitokondria zilizoharibika. Wagonjwa wengi wa Parkinson hawana hitilafu za jeni hizi, lakini kwa walio nazo shida haiko katika kulika. Mitokondria zao mbovu huharibika kama za watu wengine, ila haziliwi inavyopasa. Mwandishi aliyechagua kitenzi kisicho na mlaji amemfuta mhusika ambaye kukosekana kwake ndiko ugonjwa wenyewe.

Ufagio una hila nyingine pia: humfanya msomaji aamini kwamba kadiri tunavyozidisha ndivyo inavyokuwa bora. Seli iliyokula mitokondria kupita kiasi hupungukiwa na nishati, na zipo seli za saratani zinazoutumia ulaji huohuo kustahimili uhaba wa oksijeni. Wauza vidonge vya "kuamsha mitofagia" hawayasemi haya, na lugha ya kufagia huwasaidia kutoyasema.

Andika basi mitofajia, kwa j, kama tunavyoandika biolojia na saikolojia. Faida ya pembeni ni kwamba ufagio hautapata pa kushika. Ukitaka maneno ya kwetu, "umeng'enyaji wa mitokondria" unafaa, na "ulaji wa mitokondria" nitauvumilia mradi isomeke wazi kwamba mlaji ni seli. Mitokondria yenyewe iweke katika ngeli ya I-ZI: mitokondria imeharibika, mitokondria zimeharibika. Kuhusu "mamitokondria", niliyoyaona katika makala hiyohiyo baada ya kuitafuta, sina nguvu leo.