Ukitaka kushindana na gari la nitro Dodoma, anza na vumbi

Kijana akinipigia simu kuulizia magari ya rimoti ya nitro, yale madogo yenye injini ya kuchoma mafuta ya methanoli na nitromithani, swali lake la kwanza huwa ni injini ipi ina kasi. Mimi huuliza: utalikimbizia wapi? Akisema Dodoma, basi mazungumzo yetu yanaanzia kwenye ea klina. Injini tutaizungumza baadaye, tukipata muda.

Nimekuwa nikikimbiza magari haya kwenye udongo wa huku kwa miaka kadhaa sasa, na naupenda mchezo huu kiasi kwamba sioni tabu kurudia jambo moja kwa kila anayeanza. Kasi ipo kwa kila mtu. Injini ya gari la kipimo cha 1/8, yaani moja ya nane ya gari halisi, ina ujazo wa sentimita za ujazo 3.5 tu, lakini inazunguka zaidi ya mara 30,000 kwa dakika, na hata ile ya bei nafuu itakushinda kuidhibiti siku za mwanzo. Mashindano ya Dodoma anayachukua yule ambaye injini yake bado inawaka dakika tano za mwisho. Na injini nyingi huku zinakufa kwa sababu mbili: vumbi, na mipangilio ya kabureta iliyonakiliwa kutoka kwa mtu anayeishi pwani au kwenye video ya Ulaya.

Tuanze na vumbi lenyewe. Anayeijua Dodoma ya Agosti hadi Oktoba analijua: laini, linapanda juu kwa upepo kidogo tu, linaingia hata kwenye kabati lililofungwa. Injini ya nitro ya mashindano kwa kawaida haina ringi za pistoni kama pikipiki. Pistoni ya aluminiamu inapanda ndani ya silinda ya shaba iliyopakwa kromu, na silinda hiyo imebanwa kidogo sehemu ya juu. Kinachoziba mgandamizo ni huo ubanaji tu. Vumbi laini likipita, linasaga pale pale panapobana. Dalili yake utaijua: gari linawaka vizuri asubuhi likiwa baridi, likishapata moto linazima, na haliwaki tena mpaka lipoe. Likifika hapo, hakuna kabureta itakayolisaidia. Unatafuta pistoni na silinda mpya.

Kwa hiyo usiende uwanjani na ea klina moja. Nenda nazo kadhaa, zimeoshwa na kupakwa oili tangu jana yake, kila moja kwenye mfuko wake wa plastiki. Mimi naziosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, nazianika kivulini, kisha natia ile oili maalumu ya ea klina inayonata. Unaweka sponji kwenye mfuko, unadondosha oili, unaufunga, halafu unaminyaminya kwa vidole mpaka rangi iwe moja kila mahali. Sehemu yenye rangi hafifu ndiyo mlango wa vumbi. Pale mpira wa ea klina unapokutana na shingo ya kabureta paka grisi kidogo, kisha kaza kwa kibano cha plastiki. Kabla ya kuichomoa, pitisha brashi kwanza kuondoa vumbi la nje, maana ukiivuta hivi hivi kila kilichokaa juu kinadondokea ndani.

Kuna kipimo kimoja nisichokiacha. Baada ya mbio, nikishatoa ea klina, nachukua kijiti cha pamba cha masikio na kukizungusha taratibu ndani ya shingo ya kabureta. Kikitoka kina mafuta tu, safi. Kikitoka na rangi ya kahawia, hata kwa mbali, hakuna kuwasha tena siku hiyo mpaka nijue vumbi limepitia wapi. Mara nyingi ni mpira umepasuka ufa mwembamba usioonekana mpaka uukunje.

Sasa hewa. Dodoma iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa liko chini kwa takriban asilimia 12 kuliko Dar es Salaam. Hewa ikipungua, mafuta nayo lazima yapungue. Gari lililosetiwa vizuri Dar litafika hapa likiwa limelewa mafuta: moshi mwingi, linatema, linachelewa kuondoka kwenye kona. Unafunga skrubu ya kasi ya juu, ile ya kabureta inayopima mafuta gari likiwa mbioni, kidogo kidogo, si zaidi ya moja ya nane ya mzunguko kwa wakati mmoja, unakimbiza mizunguko miwili mitatu, unasikiliza. Hatari kubwa ni safari ya kurudi. Ukishuka nalo Morogoro, karibu mita 500 tu juu ya bahari, na skrubu zako za Dodoma, gari linapata hewa nyingi na mafuta machache, na mafuta ya nitro ndiyo yanayobeba oili ya kulainisha injini. Likikosa mafuta limekosa na oili. Fungua skrubu kabla hujaliwasha, moshi wa ziada haujawahi kuua injini.

Hata hapa hapa Dodoma, siku moja ina hewa tofauti. Asubuhi ya Julai yenye baridi hewa ni nzito, mchana jua likiwaka inakuwa nyepesi, jioni inarudi. Aliyebana mafuta saa saba mchana ili apate kasi, akaingia fainali saa kumi na moja jioni bila kugusa chochote, anaweza kuikaanga injini wakati anaongoza.

Kusikiliza injini nilifundishwa na fundi pikipiki mmoja wa Majengo, mzee ambaye hajawahi kushika rimoti maishani. Nilimpelekea gari baada ya kusumbuka nalo, nikamwamkia, akajibu huku ameshaliinamia. Nikaliwasha. Akanyamaza, akaniambia nivute mafuta, niachie, nivute tena. Sauti ilipanda, na nilipoachia haikushuka mara moja, ilining'inia juu kidogo kabla ya kutulia. "Mwanangu, hiyo inalia njaa," akasema. "Ipe mafuta kabla haijajiua." Ndivyo ilivyo mpaka leo. Sailensa, yaani mngurumo wa gari likiwa limesimama, inayochelewa kushuka, moshi uliokata kabisa, na plagi iliyofubaa waya wake na kuwa kijivu, hizo ni dalili za njaa. Sauti nzito, moshi mnene na gari kusitasita ni shibe iliyozidi. Kwa skrubu ya kasi ya chini, acha gari kwenye sailensa likiwa limeshapata moto, kisha bana mpira wa mafuta karibu na kabureta. Likipandisha sauti kidogo na kuzima baada ya sekunde mbili hivi au tatu, uko pazuri. Likizima papo hapo bila kupandisha, lina njaa. Likiendelea kunguruma muda mrefu, limeshiba mno.

Joto la kichwa cha injini likiwa kati ya nyuzi 90 na 120 za Selsiasi, injini nyingi zinafanya kazi vizuri. Kipimajoto cha bastola kinasaidia, ila usikifanye bwana wako. Nimeona watu wakibana mafuta ili kufukuza namba tu wakati sauti tayari inalalamika.

Hapa lazima nijibu swali ambalo kila mtazamaji huniuliza: kwa nini usiweke petroli? Kwa sababu injini hii haina cheche. Plagi yake ina waya wa platinamu. Unaupasha moto kwa betri ndogo wakati wa kuwasha, ukishaondoa betri, waya unaendelea kuwaka kwa sababu platinamu na methanoli vinachocheana pamoja na joto la mgandamizo. Petroli haifanyi hivyo. Mafuta ya nitro ni methanoli, oili, na nitromithani ambayo kwa mashindano huwa kati ya asilimia 16 na 30. Nitromithani inakuja na oksijeni yake yenyewe, ndiyo maana sisi wa mwinuko tunanufaika na mchanganyiko wenye asilimia kubwa kidogo, mradi usibadilishe asilimia bila kuseti kabureta upya. Ukiagiza kutoka Ulaya mara nyingi utakuta ya asilimia 16, maana tangu 2021 raia wa kawaida kule haruhusiwi kuuziwa yenye zaidi ya hapo bila kibali. Na agiza mapema. Mafuta haya hayapandi ndege kwenye begi la abiria, na usijaribu kumdanganya mtu yeyote kuhusu kilichomo ndani ya galoni.

Kwenye methanoli nawaomba sana, wazazi hasa. Ni sumu inayopofusha macho, na haihitaji kiasi kikubwa. Tumezoea kuona petroli ikiuzwa kwenye chupa za maji kando ya barabara, na mazoea hayo yasiingie kwenye mchezo huu hata mara moja. Mafuta ya nitro mengi yametiwa rangi nyekundu, kijani au zambarau, mtoto akiyaona kwenye chupa ya soda atakunywa. Yabaki kwenye galoni lake, lebo ikiwa juu, kifuniko kimekazwa, mahali pa kufungwa na kufuli. Kukaza kifuniko kuna faida nyingine, kwani methanoli inavuta unyevu wa hewani na mafuta yanaharibika. Tena moto wake juani hauonekani vizuri. Ukiona hewa inacheza juu ya gari na bodi inajikunja, usipeleke mkono. Ndoo ya maji na mtungi wa kuzimia moto vikae piti, pale magari yanapojazwa mafuta na kutengenezwa, si kwenye buti la gari.

Injini mpya ina sheria yake. Kwa kuwa silinda imebanwa juu, ukiiwasha ikiwa baridi unaivunja konrodi, mkono unaoshika pistoni, kwa nguvu ya bure. Juni na Julai, Dodoma asubuhi joto linashuka chini ya nyuzi 15, kwa hiyo ipashe kichwa cha injini kwa drai ya nywele mpaka kiwe cha moto kweli, ndipo uwashe. Matangi ya mwanzo iendeshe taratibu, mafuta mengi, lakini joto lisishuke chini sana. Wapo wanaoiacha injini mpya ikinguruma juu ya meza saa nzima. Sikubaliani nao, iendeshe chini, ipande na kushuka.

Uwanja. Upepo wetu wa kiangazi kwa sehemu kubwa unatoka kusini-mashariki, basi wapange madereva upande huo, vumbi liende mbali nao. Ukiwaweka upande wa pili watatumia mbio nzima wakiyatafuta magari yao ndani ya wingu. Kumwagia maji ni bora kufanywa jioni ya kuamkia mashindano, udongo ulale nayo ushikamane. Maji huku ni ghali, boza moja likimwagwa mchana linakauka kabla ya mbio ya pili. Kingo tunaweka matairi chakavu na viroba vya udongo. Na kabla ya yote nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, umweleze siku na saa, maana injini hizi zina kelele, na Jumapili asubuhi watu wapo ibadani. Sisi tunaanza mchana, na hatujawahi kukosa ushirikiano wa majirani.

Siku ya mbio, jambo ambalo sitalegeza ni breki ya dharura. Gari la 1/8 lina kilo tatu na ushee, linapita kilomita 60 kwa saa, na pembeni wamesimama watoto. Washa rimoti kwanza, kisha risiva, kipokezi kilichomo ndani ya gari. Kabla injini haijawashwa, inua gari, zima rimoti, utazame sevo, mota ndogo inayoendesha breki na kabureta: lazima ivute breki yenyewe na kufunga mafuta. Isipofanya hivyo, gari hilo halishuki chini, hata kama limetoka Singida au Iringa kwa basi la usiku.

Pili, tafuta mtu wa piti na umheshimu. Tangi la 1/8 kwa kanuni za IFMAR, shirikisho la dunia la mchezo huu, halizidi sentimita za ujazo 125, na linakupa dakika nane hivi. Fainali ya dunia inapigwa saa nzima. Huyo mtu ataita gari mara nyingi, na kila mara sekunde zako ziko mikononi mwake. Fainali zetu za dakika 30 zinahitaji kujaza mara tatu au nne, na nimeona dereva wa kawaida akimpita fundi wa kona kwa sababu mwenzake alijaza kwa utulivu bila kumwaga tone. Mfanye mazoezi naye mkiwa nyumbani, injini ikiwa imezimwa, maji ndani ya chupa ya kujazia isiyowahi kutumika kwa mafuta.

Mbio yako ikiisha, usiende kukaa kivulini. Unaingia uwanjani kuinua magari ya wenzako yaliyopinduka katika mbio inayofuata, ndivyo mchezo huu unavyoendeshwa kila mahali. Vaa glavu, ekzosi inaunguza. Tazama gari linalokuja kabla ya kuinama.

Jioni, kabla ya kufunga boksi, toa mafuta yote kwenye tangi, washa injini mpaka ichome yaliyobaki na kuzima yenyewe. Mabaki ya nitro yanageuka asidi na kula beringi. Dondosha oili ya kuhifadhia kwenye kabureta na kwenye tundu la plagi, zungusha kwa mkono, kisha acha pistoni chini kabisa ili isipoe ikiwa imenaswa pale panapobana. Chora alama ya rangi ya kucha kwenye flaiwili, gurudumu zito la injini, pistoni ikiwa hapo chini, ili wiki ijayo usilazimike kufungua plagi kuitafuta.