Chumvi imegoma kuondoka kijitoni

SWALI: Shikamoo babu. Tulimwaga ndoo ya maji ya chumvi kijitoni, tukapima chumvi majini mita 200 chini yake. Kwa hesabu zetu chumvi ilitakiwa iwe imepita yote ndani ya dakika 40. Saa moja na nusu ikapita, namba bado haijarudi ilipoanzia. Mwenzangu anadai kipimo ni kibovu. Tuzifute namba za mwisho? – Mwanafunzi, Morogoro

JIBU: Marahaba mjukuu. Msifute! Mimi nilizifuta, kwa raba, mwaka wangu wa kwanza kazini. Mkubwa wangu hakunifokea. Alinipeleka mtoni, akadondosha tone la wino nyuma ya jiwe. Wino ukazunguka palepale, mkondo ukiuchomoa uzi mmoja mmoja wa bluu. Chai yetu ilipoa na wino ulikuwa bado upo.

Kipimo nacho msikihukumu bure. Kipelekeni juu ya pale mlipomwagia. Kikisoma namba ya asubuhi, kabla hamjamwaga chumvi, ni kizima na ugomvi umekwisha.

Kasoro iko kwenye mlinganyo wenu. Najua mlinganyo huo una mambo mawili tu: maji kuibeba chumvi na maji kuitawanya. Huo unafaa kwenye bomba au mfereji wa saruji. Kijito kina vidimbwi vya pembeni, na maji yake mengine hupenya kwenye changarawe, yakazurura humo, kisha yakarudi. Mwaka 1972, katika kijito cha Uvas huko California, watafiti walitia kloridi (sehemu ya chumvi) kwa saa 3 na kuifuatilia hadi mita 619. Watafiti Bencala na Walters walitumia vipimo hivyo kwenye modeli yao ya hesabu ya 1983, ambayo ina kitu cha tatu: ghala la pembeni, yaani vile vidimbwi na changarawe. Chumvi ikijaa mkondoni, ghala linaipokea. Mkondo ukisafika, ghala linairudisha kidogokidogo. Ndio mkia mliouona, namba kuchelewa kushuka. Zinaongezeka namba mbili tu za kutafuta: ukubwa wa ghala, na kasi ya kubadilishana maji na mkondo.

Mtashawishika kuongeza namba ya mtawanyiko hadi mchoro wa hesabu ulingane na vipimo vyenu. Wengi hufanya hivyo, nami hunikera. Mkia utaupata, lakini kwenye hesabu chumvi itafika mapema kuliko ilivyofika kweli, na kilele cha mchoro kitalala.

Mkirudi, msiondoke kabla namba haijashuka ilipoanzia. Bebeni chakula.