Wasomaji Wanauliza: Je, Redio ya Pakiti Imekufa?

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu mjomba wangu, aliyekuwa na leseni ya redio ya ridhaa, ameniachia redio ya VHF na kisanduku cha modemu kisichowaka tena. Nasikia alivitumia kupeleka barua za kompyuta bila simu. Je, mawasiliano hayo bado yapo, au niviuze kama vyuma chakavu? – Msomaji, Kirumba, Mwanza.

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa msiba, na tafadhali usiviuze. Kisanduku kimekufa, lakini lugha kilichoizungumza ingali hai. Lugha hiyo ni itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, ya AX.25, iliyochapishwa Marekani mwaka 1984, miaka 6 baada ya wanaridhaa wa Montreal, Kanada, kurusha pakiti zao za kwanza. Hukata ujumbe vipande vipande, ndizo pakiti, na kila kipande hubeba alama za mwito (herufi na tarakimu zinazotambulisha kituo) za mtumaji na mpokeaji pamoja na tarakimu za kukagua makosa, ili kilichoharibika njiani kirushwe upya.

Kilichoidhoofisha redio ya pakiti ni mwendo wake wa polepole. Kwa kasi iliyozoeleka ya biti 1200 kwa sekunde, herufi 256 huchukua karibu sekunde 2, mbali na muda wa kungoja zamu, kwa kuwa vituo vingi hutumia masafa yale yale. Intaneti na simu za mkononi zilipoenea, wengi walihama.

Iliyobaki imeokolewa na programu huria. Kazi ya kisanduku chako, yaani kugeuza data kuwa sauti ya kurushwa na sauti kuwa data, sasa hufanywa na kadi ya sauti ya kompyuta kwa programu iitwayo Dire Wolf, ambayo huendeshwa hata kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Kwangu mimi hili ndilo jambo kubwa: kiwanda kikifungwa, siri ya kifaa huzikwa nacho, lakini msimbo ulio wazi unaweza kusomwa na kurekebishwa na kijana yeyote wa Mwanza, hata aliyeuandika akiwa amechoka.

Ziwa letu linafaa sana kwa kazi hii. Antena mbili zilizo mita 10 juu ya maji hufikiana kwa kilomita 26 hivi. Moja ikipandishwa kwenye kilima cha mita 60 juu ya ziwa, nasi vilima vya mawe hatuna upungufu navyo, umbali hukaribia kilomita 45.

Leseni ya mjomba hairithiwi. Kabla ya kurusha, omba yako pamoja na alama ya mwito inayoanza na 5H kutoka Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na ujue kwamba biashara hairuhusiwi, kwa hiyo bei za dagaa na sangara hazipiti humo, wala ujumbe wa kufichwa kwa msimbo wa siri.

Kwa sasa anza kwa kusikiliza. Unganisha waya wa sauti kutoka kwenye redio hadi kwenye kompyuta, weka masafa ya megahezi 145.825, kisha ungoje Kituo cha Kimataifa cha Anga kipite juu ya Mwanza, kwani mtambo wa ridhaa uliomo unapowashwa kwa kazi hiyo hurudisha pakiti za watu wa duniani. Dire Wolf huonyesha kiwango cha sauti kwa kila pakiti inayopokewa; kirekebishe mpaka kikaribie 50.