Maswali na majibu: Mpolandi na maneno "ya juu" ya Kiingereza

Safari hii barua karibu zote zimetoka kwa walimu wanaowafundisha Wapolandi Kiingereza kwa njia ya mtandao, kutoka Nairobi, Arusha na Kampala, pamoja na wachache wanaoishi hukohuko Polandi. Walioniuliza tena tofauti ya "make" na "do" wanisamehe. Nilishajibu, na kamusi zipo.

Shikamoo Mwalimu. Mwanafunzi wangu ni mhasibu wa Wrocław, yuko B2 (ngazi ya nne kati ya sita za kupima lugha, A1 hadi C2), na anataka nimpe maneno 20 "ya juu" kila wiki. Ninampa, anayakariri vizuri, lakini akiongea hayatoki. Nakosea wapi? (Nairobi)

Marahaba. Unakosea kwenye orodha yenyewe. Umemwambia "ubiquitous" ni "wszechobecny", yaani kilichopo kila mahali, naye ameandika, ameshika, na Ijumaa amefaulu jaribio lako. Kesho yake yuko kikaoni anasema "we undertook a decision". Unajua imetoka wapi? Kwao uamuzi "hupodjąć", na "podjąć" kwenye kamusi ni "undertake". Neno zuri, la juu kabisa, tahajia safi, sarufi safi. Ila Mwingereza uamuzi anau-"make" tu, na kila aliyekaa mezani amesikia kitu kimekwama hata kama hawezi kusema ni nini.

Mhasibu wako hana njaa ya maneno makubwa. Yanayomsumbua ni madogo aliyofundishwa shule ya msingi, ambayo hakuna aliyemwambia yanatembea na nani. Mvua kubwa kwa Kiingereza ni "heavy". Mvutaji sigara sugu ni "heavy" vilevile, na msongamano wa magari pia. Kipolandi kina kivumishi chake kwa kila kimoja: "ulewny" kwa mvua, "nałogowy" kwa mvutaji, "duży" kwa magari. Hapo ndipo pa kufanyia kazi. Usimpe "reluctant" (anayesita), mpe "reluctant to admit" (anayesita kukiri). Mpe machache ya namna hiyo kwa wiki, na sharti liwe kwamba ayaweke kwenye barua pepe zake za kazini na wewe uzione. Ukimpa 20 yaliyosimama pekepeke, amenunua vifungo na shati hana.

Na hesabu yenyewe haiendi. Paul Nation, mtafiti wa msamiati wa New Zealand, alikadiria mwaka 2006 kwamba ili uelewe asilimia 98 ya maneno katika riwaya au gazeti la Kiingereza unahitaji familia za maneno 8,000 hadi 9,000, yaani neno pamoja na yote yanayozaliwa nalo. Tuseme mtu wako ana 4,000. Kwa mwendo wa 20 kwa wiki, 4,000 nyingine ni wiki 200, karibu miaka minne, na hapo hajasahau hata moja. Pengo la ukubwa huo huzibwa na kusoma. Asome habari za uchumi, asome riwaya za upelelezi, asome chochote atakachokuwa anakiwahi jioni bila wewe kumsukuma.

Programu gani ya simu ni bora kwa msamiati? (wengi, kila mwezi)

Yoyote ambayo na kesho utaifungua.

Nilitaka niishie hapo, lakini kwa Mpolandi kuna la kuongeza, maana kitu hiki kimezaliwa kwao. Mwaka 1985 kijana wa Poznań, Piotr Woźniak, alianza kujipima kwa karatasi ni baada ya muda gani neno la Kiingereza linamtoka kichwani. Mwaka 1987 akaandika programu ya kompyuta, SuperMemo, inayokurudishia neno pale unapokaribia kulisahau. Anki, programu ya kadi za kujipima mnayoipakua leo, ilitoka 2006, na kwa miaka mingi ilikokotoa siku zake kwa hesabu iliyotokana na ile ya Woźniak. Mtu huyohuyo aliandika kanuni 20 za kutengeneza kadi, mwaka 1999. Ya kwanza kabisa inasema usijifunze usichokielewa.

Watu wamechukua programu, kanuni wameziacha. Wanapakua furushi la kadi 5,000 lililotengenezwa na mtu wasiyemjua, neno upande huu, tafsiri upande ule, halafu wananiandikia kwamba Anki haifanyi kazi. Mwanafunzi atengeneze kadi mwenyewe, kutokana na sentensi aliyokutana nayo mwenyewe, yenye pengo moja na jibu moja. "She was reluctant ___ admit it." Hiyo inatosha. Anayekuuzia furushi la kadi, mpite.

Lakini Wapolandi si wana bahati, Mwalimu? Kipolandi kimejaa Kilatini, na Kiingereza pia. (Kampala)

Bahati wanayo, na ndiyo inayowaponza.

Ni kweli "demokracja", "hipoteza" na "analiza" Mpolandi anaingia nayo darasani bure. Mtafiti wa msamiati Averil Coxhead alipotoa mwaka 2000 orodha yake ya familia 570 za maneno ya kitaaluma, sehemu kubwa ilikuwa ya asili ya Kilatini na Kigiriki. Mpe Mpolandi aliyesoma orodha ile, atatambua sura nyingi kabla hujafungua mdomo. Kwa hiyo maneno ambayo sisi tunayaona makubwa, kwake ni mepesi. Ndiyo maana nacheka nikiona kozi za "msamiati wa juu kwa Wapolandi" zilizojaa maneno ambayo tayari wanayo.

Taabu ni zile sura zinazofanana huku maana ziko mbali. Mtu wa Gdańsk anamwandikia mteja wa London: "We can eventually deliver on Friday." Kichwani ana "ewentualnie", yaani ikibidi, au mkipenda, hata Ijumaa inawezekana. Mteja anasoma kwamba baada ya danadana zote, mzigo hatimaye utafika Ijumaa. Mmoja ametoa ofa, mwenzake amepokea ahadi, na wote wameridhika mpaka Ijumaa ifike.

Kuna "aktualny", yaani ya sasa, linalogeuka "actual", yaani halisi. Kuna "konsekwentny", mtu asiyeyumba, linalogeuka "consequent", yaani kinachofuatia. Kuna "patetyczny", linalosemwa kwa hotuba nzito yenye hisia kubwa, na mfanyakazi mwema anamsifu bosi kwa "pathetic speech", hotuba ya kusikitisha. Kuna "ordynarny", mtu wa matusi, ambalo linamfanya Mpolandi akunje uso akiitwa "an ordinary man", mtu wa kawaida. Na wote wanapenda kusimulia "prezerwatywa", ambayo ni kondomu, na yule mgeni aliyeulizia dukani jemu isiyo nazo, akidhani ni "preservatives", vihifadhi chakula. Haya ya kuchekesha hayana madhara, yanashikwa siku hiyohiyo. La kuogopa ni "eventually", kwa sababu ukikosea, sentensi inabaki na maana kamili na hakuna wa kukushtua.

Hukuuliza, ila nakuonya. Mwanafunzi wako akianza kukuletea mikataba umsaidie kutafsiri, kataa, mpeleke kwa mtafsiri. "Ewentualne szkody" ni hasara zozote zitakazotokea, kama zitatokea. Nimeona zimeandikwa "eventual damages" kwenye karatasi yenye mhuri.

Kiingereza cha Uingereza au cha Marekani?

Chochote, lakini kimoja. Twende.

Mwanafunzi wangu anasoma magazeti ya uchumi bila shida, ila "put up with" (kuvumilia), "get round to" (kupata wasaa wa jambo) na "fall through" (kukwama) vinamtoa jasho. Nimemwandalia orodha ya 300. (Arusha)

Orodha tena! Umesoma jibu la kwanza?

Lakini swali lako ndilo zuri kuliko yote ya mwezi huu, kwa sababu umegusa panapouma. Kwa Mpolandi hivi vijineno ndivyo msamiati wa juu. Kile cha Kilatini anakipata kwao, hivi hakuna wa kumpa. Mwangalie anavyovikwepa: badala ya "the project fell through" atasema "the project was not realised", kwa sababu ana "zrealizować", kutekeleza, mfukoni. Mwingereza ataelewa, na ataona anaongea kama barua ya serikali.

Anzia kwenye lugha yake. "Wyjść" ni kutoka, "wejść" kuingia, "przejść" kuvuka, "odejść" kuondoka, "obejść" kuzunguka. Mzizi uleule, kichwa tu kinabadilika. Sisi mchezo huo tunaucheza mkiani: piga, pigia, pigana, pigisha. Kiingereza kimekitoa kile kipande, kikakipeleka nyuma na kukiacha kisimame chenyewe: "go out", "go in", "go across", "go away", "go round". Mwanafunzi akishaliona hili, hofu inapungua nusu.

Halafu atakuuliza, sasa mbona "put up with" haina kuweka, haina juu wala haina pamoja? Mrudishe kwao tena. "Chodzić" ni kutembea. "Pochodzić" ni kuwa na asili ya mahali fulani, na "uchodzić" huweza kuwa kuchukuliwa kwamba wewe ni fulani. Kutembea kumeenda wapi? Hajui, na hajawahi kujiuliza, kwa sababu aliyapata katika sentensi, utotoni, kutoka kwa watu waliokuwa wakiyatumia. Hivyo 300 yako igawe. Chukua vitenzi vitano vilivyotokea kwenye kitu alichosoma wiki hii, umtake akusimulie jambo lililomtokea kazini kwa kuvitumia. Wiki ijayo vitano vingine, na vile vya kwanza virudi.

Mume wangu ni Mpolandi, yuko kampuni ya kimataifa hapa Warszawa. Anasema ana C1 kwa kuwa ofisini wanaongea Kiingereza siku nzima. Mimi namsikia anachanganya tu. Nani mkweli? (Warszawa)

Dada yangu, msigombane kwa hili. Unachokisikia kina jina, wenyewe wanakiita "korpomowa", na kinastawi hasa kule Służewiec kwenye maofisi, mtaa ambao wafanyakazi wake wameubandika jina Mordor. "Zforwarduj mi to na asapie", nitumie hii haraka sana. Mzizi wa Kiingereza, viungo vyote vya Kipolandi. Wakazi wa Nairobi hawatashangaa. Ni lugha hai na inachekesha, lakini ni Kipolandi, na maneno yake ni yaleyale kila siku: "deadline", "feedback", "call", "target".

Mwombe akueleze kwa Kiingereza bomba la chini ya sinki linavuja wapi na fundi afanye nini. Kuvuja, kuziba, kulegeza, kukaza. Akipita hapo, mpikie.

Mtoto wetu yuko liceum (sekondari ya juu) Kraków, mwakani ana matura, mtihani wa kumaliza sekondari, ya Kiingereza, kiwango cha juu. Mwalimu wake amekazania kuunda neno kutoka neno lingine. Ina faida au ni kujaza muda? (Kraków)

Ina faida, mwacheni mwalimu afanye kazi yake. "Depend" ikizaa "dependent", "dependence", "independently" na "dependable", mtoto amepata matano kwa bei ya moja, na zoezi hilo lipo kwenye mtihani. Jambo moja la ziada kwa wazazi: kwenye masomo ya lazima ya matura mstari wa kufaulu ni asilimia 30, kwa hiyo "amefaulu" pekee haimsogezi mtu. Chuo kikuu kinaangalia alama.

Joseph Conrad, Mpolandi, alijifunza Kiingereza ukubwani na akawa mwandishi mkubwa wa riwaya. Kwa nini wanafunzi wetu wakate tamaa, hasa kwa ajili ya lafudhi? (Mombasa)

Nilijua atakuja, hakosi. Sawa, tumchukue mzimamzima. Józef Konrad Korzeniowski alizaliwa 1857, akafika Uingereza 1878, akapata uraia 1886, na riwaya yake ya kwanza ikatoka 1895. Miaka 17, tena mingi yake kwenye meli za Waingereza, kati ya mabaharia, huku Kifaransa akiwa nacho tayari. Mwaka 1890 alikuwa Kongo, kwenye boti za mtoni. Na lafudhi ya Kipolandi ilibaki nzito mpaka alipokufa 1924. Kwa hiyo kuhusu lafudhi umesema kweli, haimzuii mtu. Kuhusu njia ya mkato, Conrad ni shahidi wa upande wa pili.

Mimi ningemtaja mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski, mzaliwa wa Kraków, 1884, aliyefundisha London na kumpokea Jomo Kenyatta kama mwanafunzi wake. Ndiye aliyeandika utangulizi wa kitabu cha Kenyatta cha 1938. Mwaka 1923 alieleza kwamba neno halieleweki nje ya shughuli ambamo linasemwa, jambo aliloliona alipoishi na watu wa visiwa vya Trobriand. Karne imepita, na bado mnagawa orodha.

Kutoka B2 hadi C1 ni muda gani? (Eldoret)

Cambridge, wanaotahini Kiingereza, hukadiria saa 200 hivi za masomo. Dakika kumi kwa siku kwa miezi mitatu ni saa 15. Anayekuahidi C1 kwa bei hiyo anauza hewa.

Mwanafunzi wangu amefeli C2 ya Cambridge, hataki hata kusikia. Nimwambie nini? (Nairobi)

Mwambie mtihani huo ulipofanywa mara ya kwanza, 1913, walikuja watahiniwa watatu na wote watatu walifeli.

Kisha muulize alipata ngapi, kwa sababu nina wasiwasi hakusoma karatasi yake vizuri. C2 ni kuanzia 200. Aliyepata kati ya 180 na 199 hupewa cheti kinachosema ana C1, na waajiri wengi hawaombi zaidi ya hapo. Karatasi hiyo pia inaonyesha alama ya kila sehemu peke yake. Kabla hajalipa ada nyingine, tazameni ya "Use of English", ile ya sarufi na msamiati. Kama ndiyo iliyomwangusha, rudini kwenye "make a decision".