Maji ya darini na moto wa kwa jirani

*Jambo Papa Fundi. Mimi ni mama wa watoto wanne hapa Kadutu, Bukavu. Nyumba yetu chini ni mawe, juu mbao na mabati, na majirani tumebanana nao mpaka ukikohoa wanakuambia pole. Juzi moto ulishika nyumba ya tatu kutoka kwetu, tangu siku hiyo usingizi sina. Kaka yangu yuko Marekani, anasema kule wanaweka mabomba darini, moto ukitokea maji yanajimwaga yenyewe, na yuko tayari kutuma feza. Lakini nikikaanga samaki moshi ukajaa, si itatulowesha sote na magodoro? Na maji yenyewe bombani yanakuja akitaka Mungu.*

Mama, jambo sana. Samaki wako kaanga tu, ile kitu haijui moshi, inajua joto. Kila kichwa cha bomba kina kichupa kidogo cha kioo, ndani mna maji maji fulani, kile chekundu kinapasuka joto likifika digri 68 ndiyo maji yanatoka, na kinapasuka tu kile kilicho karibu na moto, vingine vinabaki vimenyamaza. Zile za nyumba nzima kunyeshewa kwa mara moja ni za sinema.

Maji sasa. Kichwa kimoja kinakula kama lita 50 kwa dakika, Wamarekani kwa nyumba ya kuishi wanapigia hesabu vichwa viwili dakika 10, basi ni lita 1000, tanki moja la plastiki ukilijaza mapema linatosha. Shida iko kwa presha. Pompi ya umeme siku ya delestaji, umeme ukikatwa, haifanyi kitu, na siku hiyo ndiyo watu wanawasha buji! Milima yetu ingesaidia, tanki likikaa mita 10 juu ya dari linakupa presha ya bar 1 hivi, ila Kadutu mita 10 juu yako kuna nyumba ya mtu, na huyo naye ana watu juu yake.

Lakini hata ungepata nafasi mimi ningekuambia ngoja. Yale mabomba yametengenezwa kwa moto unaoanzia ndani ya chumba. Wa kwenu unakuja kutoka kwa jirani, unapita kwa ukuta wa mbao na chini ya mabati, utakuwa umekukuta maji yako yanalowesha sebule.

Mwambie kaka atume kengele za moshi za betri, mbili tatu zinaingia hata kwa valizi. Hizo ndizo zinajua moshi, kwa hiyo usiweke jikoni zitakupigia kelele kila samaki, weka pale mnapolala. Feza inayobaki ita soudeur, fundi wa kuchomelea vyuma, dirisha moja la chumba cha watoto antivoli yake (vile vyuma vya kuzuia wezi) ifunguke kwa ndani, bila kutafuta ufunguo gizani. Na kama kuna mtu kwenu anauza esanse kwa bidoni (usinifiche, najua) itoke nyumbani leo, mvuke wake ni mzito, unatambaa chini mpaka unafika kwa mbabula. Mafuta yakishika moto kwa sufuria funika na kifuniko, maji hapana kabisa.

Kama baada ya hapo bado unayataka mabomba, niandikie tanki linaweza kukaa wapi, tutapima.