Sarafu za kale mtandaoni: ijue sarafu kabla ya kumjua muuzaji

Wanaoniuliza kuhusu kununua sarafu mtandaoni karibu wote huanza na swali moja: nitamjuaje muuzaji mwaminifu? Mimi huwarudisha nyuma. Jifunze kwanza sarafu yenyewe. Kila sarafu ina uzito wake, upana wake, madini yake na miaka iliyopigwa, na hayo yote yako kwenye katalogi kama Numista, unaifungua bure kwenye simu. Muuzaji aweza kukupa maneno matamu hadi alfajiri, lakini hana neno la kuongeza gramu mbili kwenye sarafu ya fedha iliyopungua.

Ndiyo maana nawashauri wenzangu wa Mombasa waanze na sarafu zilizopita hapa kwetu. Iko rupia ya fedha ya mwaka 1888 iliyotolewa na kampuni ya Imperial British East Africa, yenye picha ya mizani na jina la mji wetu, uzito wake gramu 11.66. Ziko pesa za shaba za Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar. Ziko shilingi za simba za Afrika Mashariki zilizoanza mwaka 1921, na senti za tundu ambazo bibi zetu walizitunga kwenye uzi. Ukizishika hizi mkononi kwa wazee au kwa wauza vitu vya kale wa Mji wa Kale, jicho lako linazoea. Baadaye ukiona picha mtandaoni, kitu kisicho sawa kitakushtua hata kabla hujajua ni nini.

Chukua riale ya Maria Theresa, ile kubwa ya fedha iliyotumika pwani hii yote. Imeandikwa 1780, na kila mara nakutana na tangazo linalosema "sarafu halisi ya karne ya kumi na nane" kwa bei ya kutisha. Maria Theresa, mtawala wa Austria, alifariki mwaka huo wa 1780, lakini wafanyabiashara wa Bahari ya Sham na huku kwetu waliizoea sura ile, basi ikaendelea kupigwa kwa mwaka uleule: Vienna, kisha Rome, London, Bombay na kwingineko, hadi karne ya ishirini. Nyingi zinazouzwa leo ni hizo za baadaye. Ni fedha ya kweli, na ni sarafu nzuri kuwa nayo, ila bei yake isitoke mbali na bei ya fedha iliyomo.

Nyingine inayowakamata watu ni senti kumi ya tundu ya mwaka 1936 yenye jina la Edward VIII. Mfalme huyo hakumaliza hata mwaka kwenye kiti, na sarafu za Uingereza zenye sura yake hazipatikani. Muuzaji husimulia kisa hicho chote, nacho ni kweli. Asichokisema ni kwamba senti zetu za tundu hazikuwa na sura ya mfalme, jina tu, kwa hiyo zilipigwa mapema bila kungoja sura ichongwe, tena kwa mamilioni. Usilipe bei ya hadithi.

Kuhusu uzito, nunua mizani ndogo ya kidijitali inayosoma sehemu ya mia ya gramu, kama zile za masonara. Riale ya Maria Theresa ni gramu 28.07. Anayeghushi aweza kuufikia uzito huo kwa kunenepesha sarafu kidogo, kwa hiyo kuna jaribio la pili ambalo nalipenda zaidi. Weka gilasi ya maji juu ya mizani, uirudishe kwenye sifuri. Ifunge sarafu kwa uzi, izamishe yote, isiguse chini wala kando. Mizani itasoma uzito wa maji yaliyosukumwa. Kwa riale ya kweli ni kama gramu 2.75. Ikisoma 3.1 au zaidi, hiyo si fedha, ni shaba au nikeli iliyopakwa. Ikisoma 2.5, shuku madini ya risasi. Sumaku nayo weka karibu, maana fedha haishikwi na sumaku, lakini usiitegemee peke yake: shaba nayo haishikwi.

Sasa, haya huwezi kuyafanya kupitia skrini. Kwa hiyo nayahamishia kwa muuzaji. Namwomba picha ya sarafu ikiwa juu ya mizani, picha ya ukingo, na video fupi akiigeuza kwenye mwanga, pembeni pana karatasi yenye jina langu na tarehe ya leo. Muuzaji wa haki hukubali, na wengine hufurahi kupata mtu anayejali. Mmoja aliniahidi rupia ya 1888 kwa bei rahisi mno. Nilipotaja mizani akaniambia kuna mteja mwingine anangoja, kisha akanyamaza moja kwa moja. Picha ileile niliikuta kwenye tangazo la mnada wa nje, kwa kuitafuta tu kwenye Google.

Tazama pia mng'ao. Hapa kwetu vyombo vya shaba tunavisugua kwa ndimu au ukwaju, na sarafu nyingi zimepitia mkono huo. Sarafu iliyosuguliwa hupoteza thamani kubwa kwa wakusanyaji, na hairudi. Ukinunua yenye weusi wa miaka, iache na weusi wake.

Zile zilizofungwa kwenye kikasha cha PCGS au NGC, kampuni za Marekani zinazothibitisha sarafu, hakiki namba kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, halafu ulinganishe sarafu na picha ya huko kama ipo. Wanaoghushi hunakili hata namba.

Jambo la sheria watu hulipita. Sheria ya Makavazi ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inahesabu kitu kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa kabla ya 1895 kuwa kitu cha kale, na hakitoki nchini bila kibali. Rupia ya 1888 imo humo. Na mtu akikuuzia sarafu "iliyochimbwa" kwenye magofu ya Gede au Mtwapa, kataa, hata ikiwa ya kweli. Sarafu ya Kichina ya enzi ya mfalme Yongle, mwanzoni mwa karne ya kumi na tano, iliyopatikana Mambrui karibu na Malindi mwaka 2010 ilitufunza historia kwa sababu wachimbuaji walijua ilikuwa kwenye tabaka gani la udongo. Ikiuzwa mfukoni, elimu hiyo inapotea.

Malipo. Hapa Mombasa nakutana na muuzaji ndani ya benki au dukani kwa sonara, napima, ndipo natuma M-Pesa, na jina linalotokea kabla ya kuthibitisha lazima liwe lake. Wa mbali simtumii M-Pesa kabla sijaiona sarafu. Kwa wa nje natumia kadi au PayPal, na kamwe si ile njia ya kuwatumia pesa marafiki na jamaa (Friends and Family), kwa sababu haina ulinzi wa mnunuzi. Na anayedai atainunua shilingi yako ya zamani kwa mamilioni, ila utume kwanza ada ya usajili, mfungie namba.

Kifurushi kikifika, kirekodi kwa video kuanzia gamu ya bahasha hadi kwenye mizani. Uzito usipolingana, fungua madai siku hiyohiyo. PayPal inakupa siku 180 tangu ulipolipa, eBay siku 30 tangu kufika, na muuzaji mbaya atakusihi umngoje arekebishe mpaka zipite.