Nyumba yangu ivikwe paa gani?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mume wangu tunajenga nyumba ya vyumba vitatu hapa Tanga, yenye upana wa mita 8 na urefu wa mita 11, na kuta zimefika kwenye lenta, ule mkanda wa zege wa juu ya madirisha na milango. Fundi anashauri paa la kuficha, mume wangu anataka mgongo wa tembo, yaani paa la pande mbili, kwa ajili ya gharama, na mimi napenda paa la pande nne kama la nyumba ya bibi yangu kule Pangani. Tufuate lipi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndugu msomaji, nafurahi umeuliza kabla mbao hazijapanda, maana kenchi zikishapigwa, kubadili umbo la paa ni kulipa mara mbili. Kwa nyumba iliyo karibu na mraba kama yenu, tena pwani, nami nachagua la bibi yako.

Paa la pande nne halina ukuta wa pembetatu unaobaki wazi juu ya lenta, kwa hiyo upepo wa baharini hupanda na kupita badala ya kugonga, na mabati yakitokeza kama sentimita 60 nje ya kuta, pande zote nne zinapata kivuli na kinga ya mvua ya masika. Bibi yako aliezeka makuti, ambayo huhitaji mteremko mkali wa nyuzi kama 45 ili maji yasikae yakayaozesha. Ninyi mnaoezeka bati mnatoshwa na nyuzi 15: kwa nusu ya upana wenu, yaani mita 4, kilele kitapanda mita 1 na kidogo tu juu ya lenta. Mkiamua vigae, pandisheni hadi nyuzi 30, yaani mita 2.3 hivi, na mbao ziwe nzito zaidi. Nasikitika kila ninapoona bati limeinuliwa kama mnara bila sababu, kwa kuwa mwenye nyumba amenunua mbao na mabati ambayo hayamwongezei kinga yoyote.

Mume wako hajakosea kuhusu gharama. Mgongo wa tembo hauhitaji kukata mabati kwa mshazari, vipande vinavyobaki ni vichache, na hewa ya moto hutoka vizuri kupitia matundu ya kwenye pembetatu za ukuta. Unapendeza zaidi nyumba ndefu na nyembamba, kama yalivyo madarasa ya shule zetu nyingi. Mkichukua la pande nne, basi mwambieni fundi aache matundu yenye wavu chini ya mabati yanayotokeza, la sivyo joto litalala juu ya dari hadi usiku.

Kuhusu paa la kuficha, kumbuka kwamba mabati yapo palepale, ila yamelazwa kwa mteremko mdogo nyuma ya ukuta, na maji yote hupita katika gata iliyo ndani. Masika iliyopita nilipanda ngazi nyumbani kwa jirani yangu nikakuta gata hiyo imejaa majani ya mwarobaini; maji yalikuwa yamerudi chini ya bati, na kwenye jipsamu ya sebule palikuwa na duara la rangi ya chai, pana kama sinia. Hata Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako mapaa bapa ya boriti za mikoko, mawe na chokaa yalijengwa kwa ustadi mkubwa, mengi yaliongezewa mabati ya mteremko baadaye. Paa la kuficha linafaa nyumba ya umbo la kisanduku ambayo mwenyewe yuko tayari kusafisha gata kabla ya kila msimu wa mvua.

SWALI: Nyumba yangu ina umbo la herufi L na inavuja pale mapaa mawili yanapokutana, ingawa mabati ni mapya. Tatizo ni nini? (Msomaji, Bukoba)

JIBU: Pale ndipo maji ya mapaa mawili yanapokusanyika, na kwa mvua za Bukoba bati jembamba la kwenye vale, yaani bonde la makutano hayo, huzidiwa. Weka bati la vale pana zaidi, lipenye chini ya mabati ya pande zote mbili kwa sentimita 20 au zaidi, kisha ung'oe msumari wowote uliopigwa katikati ya njia ya maji na kuliziba tundu lake.